Bakuli la posho la Uruk

Bakuli lenyewe halina sura. Udongo umechanganywa na makapi, ukingo umekatwa mshazari, na kwa ndani mara nyingi unaona alama za vidole vya aliyeukandamiza kwenye kalibu. Mfinyanzi wa kwetu angeona haya kulipeleka sokoni. Lakini nikiulizwa ustaarabu ulianzaje, mimi mtu wa akiolojia huanza na hilo, si mahekalu. Kusini mwa Iraq, katika mji wa Uruk wa milenia ya nne KK, yametapakaa kwa maelfu.

Shuleni tuliambiwa mito ilileta rutuba, chakula kikazidi, miji ikaota. Kwa Misri hadithi hiyo inakaribia ukweli: Nile ilifurika baada ya mavuno na kuondoka ikiwa imeacha tope tayari kwa mbegu. Tigri na Frati, mito ya upande wa Uruk, ni wakorofi. Zamani walifurika Aprili na Mei, shayiri ikiwa imeiva shambani; ukifika msimu wa kupanda, Oktoba na Novemba, maji yamepungua. Mvua nayo haifikishi milimita 200 kwa mwaka. Basi chimba mfereji, zibua tope kila mwaka, weka akiba.

Wapo wanaodai mifereji ndiyo iliyozaa serikali. Siafikiani nao, maana mfereji mdogo ukoo mmoja unaumudu. Mimi naona ghala lilikuwa na nguvu zaidi. Mtu akiacha shamba lake akasuke sufu ya hekalu, atalishwa na nani, na kwa kipimo gani?

Nadhani kipimo kilikuwa bakuli letu. Katika maandishi ya mwanzo ya Uruk, alama ya chakula ni picha ya bakuli kama hilo. Ikiwekwa kando ya kichwa cha mtu, husomeka "kula" au kupewa mgao. (Wenzangu wengine wanasema lilikuwa la kuokea mkate. Yawezekana yote mawili.) Msomaji wa Uganda hatashangaa: kwao posho, mgao wa kibarua, imekuwa jina la ugali wenyewe.

Hata kabla ya maandishi, hesabu ziliwekwa kwa vigololi vya udongo. Vilifungiwa ndani ya mpira wa udongo, ukapigwa mhuri juu. Anayetaka kuhakiki auvunje. Ndiyo maana, nadhani, wengine walianza kukandamiza idadi kwa nje, na kutoka hapo hadi bamba la kuandikia si mbali. Baadhi ya mipira hiyo haijavunjwa hadi leo. Tunaipiga picha ya CT, kama mgonjwa hospitalini, tuhesabu kilichomo.