Kidato cha nne si mwisho wa safari

Hapa Lamu bado twaambiwa kuwa kijana kiziwi au asiyeona akimaliza kidato cha nne, arudi nyumbani atunzwe. Si kweli. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kusoma, na vyuo vipo: Karen, Nairobi, kuna chuo cha ufundi cha viziwi, Machakos cha wasioona. Kinachowakwamisha wengi ni kuchelewa. Mzazi hungoja matokeo ndipo aulize. Anzeni kidato cha pili. Apimwe hospitalini, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha muulizeni mwenyewe ataka nini. Nimemwona kijana kiziwi mtaani Langoni akichonga fremu ya mlango, kidole kikipima ua baada ya ua. Kwao hakuna aliyewahi kumuuliza.