System32 si nyumba ya faili za biti 32

Umehamia Windows ya biti 64, unafungua programu yako ya zamani ya hesabu, inakujibu kwamba MSCOMCTL.OCX, faili ya vijenzi inavyovitegemea, haipo. Wengi hukimbilia kuinakili faili hiyo kwenye folda ya System32: programu ni ya biti 32, na folda ina 32 kwenye jina. Siwalaumu. Jina lenyewe linadanganya mchana kweupe.

Kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye faili za biti 64. Za biti 32 hukaa SysWOW64. Jina la zamani liliachwa ili programu zilizoandikwa kwa kulitegemea zisikwame. Na programu ya biti 32 ikiomba System32, mfumo huielekeza SysWOW64 kimyakimya, kwa hiyo faili uliyoihangaikia haiioni.

Basi iweke SysWOW64, fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha isajili faili, yaani itambulishe kwa Windows, kwa kuandika:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\mscomctl.ocx

Andika njia nzima, maana regsvr32 zipo mbili, kila folda na yake. Faili yenyewe itoe kwenye diski ya kusakinishia programu hiyo. Tovuti zinazogawa bure faili za namna hii (DLL na OCX) ziepuke. Huko hujui umebeba nini.

Kama programu ni ya biti 16, ya enzi za Windows 3.1, hata usajili faili mia haitafunguka: Windows ya biti 64 haiiendeshi kabisa. Hapo utahitaji mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, yenye Windows ya biti 32.