C1 si C2: soma majibu ya sindano vizuri

Mama ana uvimbe kwenye titi, amechomwa sindano nyembamba ya kuvuta seli za kupimwa, majibu yameandikwa C1, halafu kule kituoni anaambiwa: "Nenda nyumbani, hakuna saratani." Hapana! C1 maana yake sampuli haikutosha kusomwa. Isiyo saratani ni C2. C3 ina mashaka, C4 inashukiwa sana, C5 ni saratani. Mwenye C1 hajapimwa bado, arudiwe.

Hata C2 haisimami peke yake. Iaminike pale tu mkono wa daktari na picha ya ultrasaundi au mamografia vinapokubaliana nayo. Uvimbe mgumu ulioshikamana, ngozi imebonyea, halafu C2? Sindano ilikosa shabaha. Rudia, au chukua kipande cha nyama.

C1 nyingi huzaliwa mezani, kabla slaidi haijafika kwenye darubini. Tumia geji 22 hadi 25 na bomba la mililita 10. Vuta pistoni, sukuma sindano mbele na nyuma ukibadilisha mwelekeo, na damu ikionekana kwenye shingo ya sindano, acha. Achia pistoni KABLA ya kutoa sindano. Usipoachia, seli zote zinapanda ndani ya bomba na hutazipata tena. Andika jina kwa penseli, kwa sababu wino unayeyuka kwenye alkoholi. Slaidi (kioo chenye seli) itakayopakwa rangi ya Papanicolaou itumbukizwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 ikiwa bado mbichi. Ikikauka kwanza, viini vya seli vinavimba na kromatini (nyuzi za ndani ya kiini) inafifia, na msomaji anabaki kukisia. Ile ya rangi ya Giemsa ikaushwe hewani haraka. Na tafadhali, msisafirishe slaidi za Giemsa kwenye mfuko mmoja na chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama! Mvuke wake unaharibu rangi hata chupa ikiwa imefungwa.

Kwa Uganda hili lina uzito wake. Limfoma (saratani ya seli za limfu) ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hospitali ya Mulago, Kampala, hukua kwa kasi ya kutisha; taya la mtoto linabadilika ndani ya siku chache. Slaidi nzuri ya Giemsa inaonyesha seli zenye sitoplazimu ya buluu iliyokolea, imejaa vitobo vidogo vyeupe, na jibu linaweza kutoka siku hiyohiyo. Slaidi iliyopigwa na formalini haionyeshi kitu.

Kuhusu "sindano inatawanya saratani": kwa sindano nyembamba hivi, ni nadra mno. Kukaa na uvimbe miezi ndiko kunakoua.

Pale sisi wasomaji wa seli tusipoweza, tuseme. Kwenye C3, wasomaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana juu ya slaidi ileile. Seli za titi hazituambii kama saratani bado imo ndani ya mirija ya maziwa au imeshatoka. Na uvimbe wa folikuli (vifuko vidogo) kwenye thairoidi, tezi ya shingoni, hatuwezi kuuamua kwa seli, kwa kuwa saratani yake hujulikana kwa kuvunja ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu, na sindano haileti ganda. Huyo apelekwe kwa mpasuaji, asichomwe sindano tena na tena.