Marathoni ya mlimani: mnayoniambia na niliyoyakuta kule juu

Kila nikiposti picha ya milima yenye theluji watu wa nyumbani wananiuliza maswali yaleyale kuhusu mbio za milimani, na majibu wanayopeana wenyewe kwa wenyewe mengi siyo sahihi na mengine ni ya hatari kabisa, ndo maana leo nimekaa niyaandike. Mimi nimekulia Moshi, sa hivi naishi Uswisi, na mbio nitakazozungumzia sana ni Jungfrau Marathon maana ndo nazijua kwa miguu yangu. Zilianza 1993, zinafanyika Septemba. Unaanzia mjini Interlaken, mita kama 565 juu ya usawa wa bahari, unapita Bönigen kando ya ziwa, Wilderswil, Zweilütschinen, Lauterbrunnen, Wengen, alafu unapanda mpaka chini ya ukuta wa mlima Eiger. Zamani mwisho ulikuwa Kleine Scheidegg, siku hizi wameusogeza hadi Eigergletscher, mita 2,320.

Wanasema: "42 ni 42, ukishamaliza marathoni moja umemaliza zote."

Hapana jamani. Kilomita ni zilezile ila ndani ya hizo kuna zaidi ya mita 1,800 za kupanda, na hazijagawanywa sawa. Kilomita 25 za mwanzo unapanda kidogo tu, kama mita 300 hivi, barabara nzuri, watu wanapiga kengele za ng'ombe, unajiona mwepesi. Alafu kilomita 17 zilizobaki ndo zimebeba karibu mlima wote. Yaani ni mbio mbili zimeunganishwa, na ya kwanza inakudanganya kuhusu ya pili. Angalia hata kwa mabingwa: Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago, ya lami, 2023 kwa 2:00:35, wakati Jonathan Wyatt wa New Zealand, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mlimani mara sita, alishinda Jungfrau 2003 kwa 2:49 na watu wakashangaa kwa jinsi alivyokimbia haraka. Mimi kwenye lami natumia masaa 3 na dakika 50, kule mara ya kwanza nilitumia 5:41. Kwahiyo mtu akikuambia amekimbia milimani masaa sita usimcheke, muulize kwanza alipanda mita ngapi.

Na hapohapo niseme la nyumbani maana naulizwa kila Februari. Kilimanjaro Marathon haipandi Mlima Kilimanjaro! Ni mbio za barabarani, Moshi, lami, kuna kipande kinapanda kuelekea Mweka na kinauma kweli, ila mlima wenyewe unautazama tu kama mawingu yakikuruhusu. Kuna watu wamejinyima kujiandikisha miaka na miaka wakidhani watapelekwa kileleni Uhuru.

Wanasema: "Ukitembea umefeli."

Hili ndo linaloniuma kuliko yote maana limewafukuza watu wengi wazuri. Mara ya kwanza na mimi nililiamini. Pale Lauterbrunnen, kilomita ya 26 hivi, ukiwa bado unaona maporomoko ya Staubbach yanadondoka karibu mita 300 kutoka kwenye mwamba, njia inageuka ghafla inaingia msituni na kuanza kujikunja kama nyoka, kona juu ya kona, kutoka mita kama 800 hadi karibu 1,300 pale Wengen. Mi nikaendelea kukimbia kwasababu nilijiambia sijatoka Moshi kuja kutembea. Dakika kumi. Baada ya hapo moyo ulikuwa unagonga masikioni, mashavu ya miguu yakaanza kubana, na wamama wa miaka sitini wakaanza kunipita wakiwa WANATEMBEA, mikono kwenye magoti, kichwa chini, hatua fupi fupi, hawaongei. Walikuwa wanafanya kazi ambayo mimi sikuijua.

Kutembea mlima ni ufundi na una sababu zake za kimwili. Ukikimbia kwenye mwinuko mkali kila hatua unaurusha mwili juu, na ule msaada wa mguu kurudisha nguvu kama springi, ambao kwenye tambarare unakubeba bure, unapungua sana. Watafiti wa chuo kikuu cha Colorado waliwapandisha wakimbiaji wa milimani kwenye mashine yenye mwinuko mkali wakakuta kwamba mwinuko ukizidi kama nyuzi 15, kwa kasi ileile ya kupanda, anayetembea anatumia nguvu kidogo kuliko anayekimbia. Hata mabingwa wanatembea wakifika kwenye kuta kama hizo. Na kwa kweli sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, waongozaji wa Kilimanjaro wanaimba "pole pole" kwenye masikio ya wageni kutwa nzima, na wagumu, yaani wapagazi, wanaobeba mizigo ya kilo ishirini hujawahi kuwaona wakirukaruka. Siku hizi nafanya mazoezi ya kutembea, makusudi kabisa, mara moja kwa wiki natafuta kilima kikali natembea saa nzima kwa nguvu, na mwaka uliofuata nilifika Wengen nikiwa na miguu ya kuendelea.

Wanasema: "Nyie Waafrika Mashariki mmezaliwa nayo."

Hii naisikia huku na naisikia nyumbani, na ndugu zangu wengine wanaichukua kama sifa. Sikilizeni, mji wa Moshi uko mita mia nane na kitu tu juu ya bahari! Kuzaliwa unauona mlima dirishani hakukupi damu ya mlimani. Iten kule Kenya ndo kuna mita 2,400, na hata hao wa Iten wakihamia ukanda wa chini faida ya damu, yaani zile chembe nyekundu nyingi za kubeba oksijeni, inaanza kupungua ndani ya wiki chache, mwili hautunzi kitu usichokitumia.

Wanaoshinda wamefanya kazi. Patrick Kipngeno wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima kule Chiang Mai, Thailand, 2022, akarudia Innsbruck, Austria, 2023. Philemon Kiriago alishinda Sierre-Zinal 2023, ile ya hukuhuku Uswisi, kilomita 31 na mita 2,200 za kupanda, ipo tangu 1974. Leonard Chemutai wa Uganda naye alichukua ubingwa wa kupanda na kushuka hapohapo Innsbruck. Na kwetu kuna Simon Mtuy, 2006 alipanda Kili hadi kileleni na kushuka kwa masaa 9 na dakika ishirini na kitu, kila kitu chake kabeba mwenyewe, ila huyo ni mtu aliyepanda mlima ule mara nyingi sana kikazi. Ukisema "wamezaliwa nayo" unawafutia hawa watu miaka yote ya kuamka alfajiri, alafu unamwambia na mtoto wa Dar au Mombasa kwamba yeye hana nafasi. Ana nafasi, apande ngazi za ghorofa.

"Kule juu hakuna oksijeni." Ipo. Asilimia ni ileile, karibu 21, ufukweni na kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwahiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Mita 2,300 ni kama robo tatu ya mgandamizo wa pwani, Uhuru Peak ni kama nusu. Mwishoni mwa Jungfrau unaisikia, unapumua kama umepanda ngazi na gunia, ila siyo jambo la kukutoa kwenye mbio.

Sasa hili naomba msome taratibu: "Ukikimbia unapata joto, koti la nini."

Ukikimbia ndiyo. Ukichoka ukaanza kutembea, jasho limelowesha fulana, upepo unavuma, hilo joto linaisha ndani ya dakika chache. Kwa kawaida kila ukipanda mita elfu moja joto linashuka nyuzi kama 6, kwahiyo Interlaken wakiwa na nyuzi 18 kule Eigergletscher unaweza kukuta 7, na hapo sijaweka upepo wala mvua. Mwaka 2008 kwenye mbio za kupanda Zugspitze, Ujerumani, hali ya hewa ilibadilika ghafla, theluji na upepo mwezi wa saba, na wakimbiaji wawili wakafa, wengi walikuwa wamevaa nguo nyepesi tu. Mei 2021 kule Gansu, China, mbio za kilomita 100, mvua ya barafu na upepo mkali vikawakuta watu wamevaa bukta na fulana, wakafa 21. Ishirini na moja! Wakimbiaji wazuri kabisa walikuwemo. Koti jepesi la kuzuia upepo na maji linakunjwa likawa dogo kama ngumi, kofia na glavu zinaingia mfukoni. Waandaaji wakikuambia beba, beba, na wasipokuambia beba pia. Mi nikiona mtu anaacha koti kwenye begi pale chini kwasababu asubuhi kuna jua nasimama naongea naye, hata kama simjui.

Kuna wanaosema milima siyo ya wanawake, na hawa najua historia hawajaisoma. Kule Colorado, Marekani, kuna Pikes Peak Marathon, inapanda mpaka mita 4,300 na kurudi. Ilianza 1956 kama ushindani kati ya wavuta sigara na wasiovuta, na hakuna mvutaji hata mmoja aliyemaliza. Miaka mitatu tu baadaye, 1959, Arlene Pieper akaikimbia yote, juu na chini, akamaliza kwa masaa 9 na kidogo, na ndo anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni rasmi Marekani. Hiyo ni miaka saba kabla mwanamke hajamaliza marathoni ya Boston, na Boston ilikuwa lami. Marathoni ya kwanza ya mwanamke kule ilikuwa ya mlimani.

Kushuka. Watu wanadhani kushuka ni kupumzika. Mapafu yanapumzika, mapaja hapana. Ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku inakaza, na hiyo ndo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli, ndo maana kesho yake na keshokutwa unashuka ngazi kinyumenyume. Jungfrau ina mteremko mdogo lakini Sierre-Zinal unashuka zaidi ya mita elfu moja, na Pikes Peak ni nusu nzima ya mbio. Habari nzuri ni kwamba mwili unajifunza haraka hapa, mazoezi machache ya kushuka kwa kasi wiki kadhaa kabla ya mbio yanapunguza maumivu sana. Hatua fupi, magoti yalegee kidogo, usijirudishe nyuma.

"Kunywa maji mengi iwezekanavyo." Tafadhali msifuate hili. Maji kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu, unavimba vidole, kichwa kinauma, unachanganyikiwa, na watu wamekufa hivyo. Wakimbiaji 488 walipimwa damu kwenye Boston ya 2002 na asilimia 13 walikutwa chumvi iko chini, wengi ni wale waliokunywa sana na kukaa njiani muda mrefu. Milimani unakaa muda mrefu zaidi, na kuna baridi, hutoki jasho kama unavyodhani. Kunywa ukisikia kiu, kula kidogo kidogo. Na wale wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "kuzuia maumivu", acheni kabisa, figo tayari zinapata damu kidogo ukiwa unakimbia masaa matano, unaziongezea mzigo bure, na maumivu ambayo yangekuambia usimame hutayasikia.

Viatu sitasema mengi. Siyo lazima vya bei mbaya. Soli ishike, na uwe umevikimbilia tayari, basi.

La mwisho ni hili la mandhari, maana wengi wanakuja kwa ajili ya picha. Wanadhani utakimbia huku unatazama Eiger, Mönch na Jungfrau kama uko kwenye basi la watalii. Ukweli ni kwamba kuanzia Wengen macho yako yako chini, mita mbili mbele ya kiatu, mawe, mizizi, visigino vya aliye mbele. Na kile kipande cha karibu na mwisho, kwenye mgongo wa kifusi cha mawe kilichoachwa na mto wa barafu wa mlimani, njia ni nyembamba mnapanda kwa mstari mmoja kama siafu, na anayeinua kichwa bila kusimama anajikwaa. Mwaka wangu wa kwanza nilifika mwisho sikumbuki hata rangi ya barafu ilikuwaje. Mwaka wa pili nikapanga mapema kabisa, kama watu wanavyopanga mahali pa kula jeli (zile pakiti ndogo za sukari za kuongeza nguvu): nikifika pale juu ya kifusi natoka pembeni, nageuka, nahesabu hadi thelathini. Nikafanya hivyo. Barafu ina bluu ndani ya nyufa zake, bluu ya ajabu, na bonde zima nililotokea lilikuwa chini yangu, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasimama naye bila kuniuliza kitu, tukatazama wote, alafu tukarudi kwenye mstari.