Moto hauondoi kila kitu: tunayoambizana jikoni Unguja na Pemba

Jikoni kwetu visiwani moto umebebeshwa kazi zisizo zake. Wasikilize wapishi wa nyumbani wanavyozungumza, wawe sokoni Darajani wakichagua tungule au uani wakikuna nazi, utasikia jambo lile lile kwa sura nyingi. Samaki kalala kidogo? Mkaange akauke. Wali umebaki tangu futari? Upashe moto. Muhogo una uchungu? Uchemshe zaidi. Na pale moto usipotosha, huitwa ndimu. Mengi tuliyoyapokea kwa bibi zetu ni elimu ya kweli, na nitayataja yalivyo. Lakini yamo yanayowafikisha watu hospitali, na mengine yamezika watoto, kwa hiyo hayafai kupita hivi hivi kama maneno ya jikoni.

Tuanze na samaki, maana ndiye kitoweo chetu cha kila siku.

"Samaki aliyelala ukimkaanga vizuri hana neno." Maneno haya nayasikia kwa watu wanaojua kupika kweli kweli, na ndiyo yanayonisumbua kuliko mengine. Jodari, vibua, nguru, sehewa na dagaa wana nyama yenye histidini nyingi, kimoja cha vijenzi vya protini. Samaki hao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Bakteria wenyewe moto unawaua. Histamini haiuliwi, kwa sababu haina uhai. Ni kemikali, na haivunjwi kwa kukaanga, kuchemsha, kuchoma, kugandisha wala kutia chumvi. Ng'onda aliyepasuliwa kutokana na samaki aliyekwisha kuharibika hubaki na histamini yake hata akianikwa wiki nzima.

Mtu akila samaki huyo, dakika chache baadaye au katika saa moja mbili za mwanzo, uso humjaa joto, mwili humwasha, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, ulimi humwaka kama aliyetafuna pilipili. Pengine hutapika au kuharisha. Hapo ndipo wa nyumbani husema, "Damu yake haipatani na jodari," na maskini huacha kula jodari maisha yake yote. Mzio wa samaki upo, na mwenye nao asiufanyie majaribio. Ila watu watatu waliokula sinia moja wakianza kujikuna kwa pamoja, msitafute sababu kwenye damu zao. Sababu ni samaki yule, na jodari mwingine aliyehifadhiwa vizuri huenda wakamla bila kudhurika.

Na ndimu? Ndimu inaondoa shombo, hilo ni kweli na lina sababu yake: uchachu wake huzigeuza zile kemikali zinazonuka zikawa hazipandi tena puani. Basi mpishi akinusa na kukuta harufu imekwisha, hudhani na ubaya umekwisha. Kumbe amelifuta onyo tu, histamini imebaki pale pale ndani ya nyama. Kwa hiyo mnuse samaki kabla ya kumtia ndimu, kamwe si baada yake.

Kinachomlinda samaki ni barafu, tangu anapotoka majini. Muulize mchuuzi samaki wameshushwa saa ngapi na wamekaa juu ya nini. Aliyeshushwa bandari ya Malindi, mjini Unguja, asubuhi akafika mtaani saa 8 mchana juu ya baiskeli, bila hata kipande cha barafu, mwachie mwenyewe, hata kama macho yake bado yanang'aa na mashavu ni mekundu. Alama hizo za wazee ni nzuri na uendelee kuzitazama, lakini histamini huweza kutangulia kabla harufu haijatoka. Bibi zetu hawakuwa na friji, ndiyo maana samaki alipofika tu alitolewa matumbo na kubandikwa jikoni hapo hapo. Katika hilo walikuwa sahihi kabisa.

Sasa kuhusu kasa, na hapa sitazunguka. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walifikishwa hospitali. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, watu 7 walifariki kwa nyama hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3. Bado wapo wanaosema kwamba ubaya ulikuwa kwenye mapishi: haikuchemshwa ikaiva, au maji ya kwanza hayakumwagwa. Hapana. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Haina harufu, haina ladha, haionekani, na tiba mahsusi ya kuifuta mwilini haipo. Mama aliyeila huweza kumpitishia mtoto mchanga kwa maziwa ya kifua.

"Mbona tulimla mwaka jana na hakuna aliyeumwa?" Ndiyo, inawezekana kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Inadhaniwa kuwa kasa huipata sumu hiyo kutokana na anachokula baharini, mwani na viumbe vingine, ndiyo maana wa leo anaweza kuwa salama na wa kesho, ghuba ile ile, akawa mauti. Anayetajwa zaidi katika visa hivi ni ng'amba, aina moja ya kasa, lakini hata wengine wametajwa. Na kwa kuwa kasa mmoja hugawiwa nyumba nyingi, msiba wake huingia kijiji kizima siku moja. Sheria imekataza kuwavua, lakini hata isingekataza, mzazi aliyelijua hili asingemtia mwanawe nyama ile mdomoni. Bunju naye ni vivyo hivyo: sumu iliyomo kwenye ini, mayai na ngozi yake haijali moto.

Wali. Hapa najua nitabishiwa, kwa sababu kiporo cha wali wa nazi na chai ya asubuhi ni raha ambayo wengi wetu tumekua nayo. Na dhana yenyewe ina nusu ya ukweli: kupasha moto huua vijidudu vingi. Tatizo ni bakteria mmoja aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake zimo kwenye mchele mkavu, na kuchemka kwa wali hakuziui. Wali ukiachwa umefunikwa kawa juu ya meza, katika hewa yetu ya joto, mbegu zile huchipuka, bakteria huzaana, na wakizaana huacha sumu ya kutapisha. Ukiupasha asubuhi unawaua bakteria, sumu inabaki.

Hoja ninayoelezwa kila mara ni kwamba wali ulioharibika hujulikana: unachacha, unateleza, tui linanuka. Wali uliochacha hakuna anayeula, kwa hiyo si huo unaotuumiza. Unaotuumiza ni ule ambao bado ni mzuri machoni na puani. Ukipenda kiporo, na mimi nakipenda, kazi ifanyike usiku. Wali uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, usiuache kwenye sufuria kubwa ambayo katikati yake hukaa na joto hadi usiku wa manane. Uingie kwenye friji ndani ya saa 2. Siku ambazo joto limepita nyuzi 32, ndani ya saa 1. Nyumba isiyo na friji, au siku umeme umekatika, pika wa kutosha mlo mmoja. Ramadhani ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu wali wa magharibi husubiri daku mezani saa nyingi, na mtu akitapika alfajiri hulaumiwa uzito wa futari.

Muhogo una habari ya ajabu kidogo, kwa sababu kwake moto unaowahi mno ndio unaoharibu kazi. Zao hili asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioleta Afrika, na maarifa ya kulipika tumeyajenga wenyewe. Ndani ya muhogo sumu ya sayanidi haiko huru. Imefungwa ndani ya kemikali iitwayo linamarini. Unapokata, kukuna, kuloweka au kutwanga, kimeng'enya cha muhogo wenyewe, yaani protini inayovunja kemikali, hukutana na linamarini, huifungua, na sayanidi inayotoka hupaa hewani kirahisi, maana huchemka kwenye nyuzi karibu 26 tu. Sasa wewe tupia mapande makubwa ya muhogo mchungu kwenye maji yanayotokota: kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi, na linamarini nyingi inabaki ndani ya muhogo laini, mweupe, unaopendeza.

Kwa hiyo "chemsha zaidi" si jibu la muhogo mchungu. Menya vizuri, kata vipande vidogo, loweka, anza na maji baridi, usifunike sufuria, mwaga maji yale, kisha ndipo lije tui. Muhogo mtamu tunaoula kwa mazoea, ukimenywa na kuchemshwa, hauna wasiwasi, ingawa nao una kiasi kidogo, zaidi kwenye ganda. Ukame huuongeza uchungu, na njaa huwafanya watu wafupishe matayarisho. Mambo hayo mawili yakikutana huleta balaa. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, baada ya ukame kuwafanya waishi kwa muhogo mchungu usiotayarishwa ipasavyo.

Kisamvu ndicho kinachonifanya niwaheshimu sana waliotutangulia. Majani yana sayanidi nyingi kuliko mzizi, na dawa yake ni ile ile waliyoifanya kila siku: kinu na mchi kwanza, jiko baadaye. Kile kinachosagwa kwa mashine sokoni nacho sawa. Anayeona taabu akachemsha majani mazima, halafu ndiyo ayaponde, ameupindua utaratibu uliokuwa ukimlinda.

Maharage mekundu yana kisa kifupi. Wapo wanaobana matumizi ya makaa kwa kuyamiminia maji ya moto kwenye chupa ya chai usiku kucha, wakayaona yamelainika, wakayatia nazi kwa moto mdogo. Kulainika si kuiva. Yana sumu iitwayo lektini inayotapisha vibaya, na joto la nusu nusu huweza kuizidisha. Yaloweke, mwaga maji, kisha yachemke kwa kutokota dakika 10 kamili na zaidi kabla ya kupunguza moto. Na tui likikatika sufuriani, lisimwagwe. Mafuta yametengana na maji tu, chakula hakijaharibika.

Kwa kuku mambo hugeuka. Hapa moto unatosha, lakini sisi tunaamini zaidi ndimu na bomba la maji. Ndimu na chumvi haziui bakteria wote wa salmonela wala wa kampilobakta waliomo kwenye kuku mbichi. Na maji ya bomba yanayompiga kuku huyo huwarusha mpaka kwenye kachumbari iliyo pembeni. Kinachowaua ni joto la nyuzi 74 hadi katikati ya paja, karibu na mfupa. Najua wengi huosha kwa ajili ya damu na shombo, na nyumba zetu zinalijali hilo, nami silipingi. Basi muoshe ndani ya beseni, maji yawe ya kumimina taratibu, kachumbari ikatwe baadaye kwa kisu kingine na ubao mwingine, na beseni lisuguliwe kwa sabuni.

Limebaki la chumvi, nalo linawahusu zaidi mama wajawazito. "Sisi ni watu wa bahari, tezi la shingo ni ugonjwa wa bara milimani." Linaingia akilini haraka, lakini chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya pwani, ikiwamo ya Pemba, haibaki na madini joto ya maana, yale yanayokinga tezi hilo. Maji ya bahari yenyewe yana kidogo sana, na chumvi ikigandishwa kwa jua hubaki na kidogo zaidi. Samaki anayo, ila hutofautiana samaki kwa samaki, na si kila nyumba inamla vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hujengeka kwa madini hayo. Chumvi ya fungu inayouzwa wazi, hata kama ni nyeupe na rahisi, mara nyingi haijatiwa kitu. Nunua iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa jiko, na uitie mchuzi ukikaribia kuiva, maana baadhi ya madini hayo hupotea motoni.