Kwilti ya vitenge kutoka kwenye kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwilti ni blanketi la kushonwa lenye matabaka matatu: uso wa juu ulioungwa kwa vipande, pamba ya katikati, na kitambaa cha chini. Hapa nazungumzia uso wa juu tu. Ndio unaochorwa kwenye kompyuta, na ndio wenye maneno mengi yasiyo kweli.

"Nikishachora, iliyobaki ni kukata na kushona tu."

Dhana hii ndiyo inayoharibu vitambaa vingi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Programu inakuonyesha mraba utakavyokuwa ukishashonwa. Mraba wa sentimita 10 kwenye skrini, ukiacha milimita 7.5 za mshono kila upande, unakatwa sentimita 11.5. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukizidisha milimita moja tu, kila mshono unakula mbili, maana unashika vipande viwili. Mstari wa miraba 12 una mishono 11, basi sentimita 2.2 zimekwenda. Mstari wa pili ukiushona siku nyingine, mkono umetulia zaidi, unatoka mrefu kuliko wa kwanza, na pembe hazikutani tena. Kwilti yangu ya kwanza niliivuta, nikaikandamiza kwa pasi ya mvuke, mwisho nikafumua mistari minne.

Siku hizi sianzi kabla ya kujaribu. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa sentimita 4, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, halafu pima cha katikati. Kikitoka sentimita 2.5, uko sawa. Kikitoka 2.3, mshono wako ni mpana. Usitegemee alama za kwenye bati la cherehani peke yake, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa kwenye mshono nacho kinakula upana wa uzi mmoja au miwili. Ukishapata kipimo sahihi, bandika kipande cha plasta pale pale, ukingo wa kitambaa upite ukigusa plasta.

Pembetatu zinahitaji nafasi zaidi. Nikitaka mraba wa sentimita 10 wenye rangi mbili zilizogawanywa mshazari, nakata miraba miwili ya sentimita 13, naiweka uso kwa uso, nachora mstari kutoka pembe hadi pembe, nashona pande zote mbili za mstari, ndipo nakata juu ya mstari wenyewe. Napata miraba miwili, kila mmoja naupunguza hadi 11.5. Upande uliokatwa mshazari unavutika kirahisi, hivyo pasi naishusha na kuinyanyua, siiburuzi.

"Bila programu ya kununua huwezi kubuni."

EQ8 ya kampuni ya Electric Quilt ya Marekani ni chombo kizuri: ina michoro mingi ya kuanzia na inakokotoa kiasi cha kitambaa. Lakini LibreOffice Calc, programu ya majedwali, ni ya bure. Fanya seli ziwe miraba, zijaze rangi, mchoro umeanza. Inkscape nayo ni ya bure, na unachora kwa milimita. Halafu kuna wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walioshona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, nyingi wakizibuni huku wakishona. Mwaka 2002 kazi zao zilioneshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikazitolea stempu.

"Rangi ya skrini ndiyo rangi ya kwilti."

Skrini inakuonyesha rangi moja iliyotulia. Kitenge kina ua lenye upana wa sentimita 30, na mraba wako wa sentimita 10 utaambulia kipande cha jani. Mimi natoboa dirisha la sentimita 10 kwenye karatasi ngumu ya boksi, nalitembeza juu ya kitenge hadi nione sehemu ninayoitaka, naipiga picha na kuiingiza kwenye mchoro. Kisha naigeuza picha ya mchoro mzima kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Nyekundu na kijani zinazogombana machoni zinaweza kutoka kijivu kile kile, na hapo nyota uliyoichora inamezwa. Tofauti ya weusi na weupe ndiyo inayoifanya ionekane, kuliko rangi yenyewe.

"Programu ikisema mita mbili, nunua mita mbili."

Imekokotoa kwa upana iliowekewa. Pima kitenge chako mwenyewe, ubadilishe namba hiyo. Kama unatumia kanga, kumbuka pindo na jina: ukitaka mji, yaani sehemu ya katikati, peke yake, sehemu inayobaki ni ndogo. Fua kwanza, kwa sababu vingine vinarudi na vingine vinachuja. Tena choma nyuzi mbili tatu. Pamba inaacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu, na pasi ya moto ya pamba itaikunja.

"Cherehani cha miguu hakifai."

Kinafaa sana. Kuunga vipande ni mshono ulionyooka tu, na Singer au Butterfly ya kukanyaga inaushona vizuri. Badilisha sindano butu, basi.

"Ruwaza ikitoka kwenye printa iko sahihi."

Printa nyingi hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Chagua asilimia 100, na pembeni ya ruwaza chora mraba wa sentimita 5. Ukitoka 4.8, usikate chochote. Ukitoka 5 kamili, kata, kisha kila mstari ubandikie karatasi yenye namba ile ile ya kwenye mchoro kabla hujanyanyua kipande mezani.