Bakshishi si mshahara

Bakshishi ni pesa anazotoa mteja kwa hiari yake, juu ya bei ya chakula, kumshukuru aliyemhudumia. Vijana wa hapa Malindi huiita tipu. Ile ada ya huduma inayochapishwa kwenye bili si bakshishi, ni bei, haina hiari.

Ninaandika kwa sababu ya tangazo la kazi nililoonyeshwa juzi: mkahawa wa ufukweni unatafuta weita, "mshahara ni bakshishi za wageni". Maneno hayo nimeyasikia hadi Shela, na kila mara hunichoma.

Bakshishi ni neno la Kiajemi, kutoka kitenzi bakhshidan: kutoa, na pia kusamehe. Mtoaji ndiye mwenye neno hilo. Akitoa ni hisani, asipotoa hana kosa. Mshahara umetoka Kiarabu, na ndani yake mna shahr, yaani mwezi, lile lile tunalolisikia katika "shahru Ramadhan". Basi mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Mwezi ukiandama deni limeiva, viti vya barazani viwe vimejaa au vitupu. Na Mei, masika yamepamba, kusi inavuma na hoteli nyingi za pwani zimefunga milango, bakshishi itatoka kwa nani?

Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa weita dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, mradi bakshishi zifikishe 7.25; zikipungua, mwajiri ajazie. Kwetu Kenya hakuna mlango huo. Kima cha chini cha mshahara ni juu ya mwajiri mwenyewe.

Halafu kuna jikoni. Nimewahi kukaa na mama mmoja nyuma ya mkahawa, amekalia mbuzi anakuna nazi, jasho linamtiririka shingoni. Samaki wake wa kupaka alisifiwa sana mezani. Noti ya shilingi 500 ikaachwa chini ya sahani, akaichukua weita. Mama hakujua hata kama ilikuwapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye mikahawa, mkiandika tangazo, kwenye neno "mshahara" wekeni shilingi mtakazotoa ninyi kila mwezi, kwa weita na kwa mpishi. Bakshishi iacheni nje ya tangazo. Ni ya mgeni, naye bado hajafika.